Msing'oe Reli ya Pugu

Upepo wa baharini unaopiga stesheni ya Ashington unapenya mpaka kwenye mifupa. Nimekuwa huku kaskazini mashariki mwa Uingereza tangu mwisho wa 2016 na bado sijauzoea. Ila siku hizi haunipati muda mrefu. Nafika stesheni dakika tano kabla, treni ya mabehewa mawili inaingia taratibu, napanda, nakaa dirishani, na baada ya dakika thelathini na tano hivi nashuka katikati ya jiji la Newcastle, ninakofanya kazi hospitalini. Nauli ya safari nzima haizidi pauni 3.

Nawaandikia kuhusu reli yetu ya Pugu, watu wa nyumbani Dar es Salaam, hasa wa Gongo la Mboto, Ukonga, Vingunguti na Pugu, pamoja na wenzetu wa upande wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kule Yombo na Mwakanga. Wengi mnadhani huku treni ilikuwepo siku zote, kwamba Mzungu alizaliwa akaikuta na atakufa aiache. Si kweli. Nilipohamia Ashington hapakuwa na treni ya abiria. Haikuwepo kwa miaka sitini.

Miaka yangu ya kwanza nilikuwa mtu wa basi. Wakati wa baridi jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo unatoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Basi linazunguka kila mtaa, likiingia barabara kuu linakutana na foleni ya watu wa magari madogo, na wewe una zamu inayoanza saa moja na nusu na mwenzako wa usiku amechoka anakungoja umpokee. Kuna siku nilichelewa dakika arobaini kwa sababu ya theluji. Nilipoingia wodini, dada niliyekuwa nampokea hakusema neno, alinikabidhi faili akaondoka huku machozi yanamlengalenga. Ana mtoto mdogo nyumbani. Nilikumbuka kituo cha Mombasa, Ukonga, saa kumi na moja alfajiri, na nikajiuliza nilivuka bahari zote hizi nije kuchelewa kazini vilevile?

Lakini reli yenyewe ilikuwepo. Hilo ndilo lililonishangaza. Inapita nyuma ya maduka ya mji, na mara chache kwa siku unasikia treni ya mizigo inapita, taratibu, nzito. Ashington ulikuwa mji wa makaa ya mawe. Wapenzi wa mpira wataujua kwa jina la Bobby Charlton na kaka yake Jack, waliochukua Kombe la Dunia na Uingereza mwaka 1966. Wote wawili ni watoto wa hapa, baba yao mchimba makaa. Reli ilijengwa kwa ajili ya hayo makaa, na abiria wakaidandia.

Mwaka 1963 Dk. Richard Beeching, aliyekuwa mkuu wa shirika la reli la Uingereza, alitoa ripoti. Ilisema reli inapata hasara, na dawa yake ni kufunga stesheni zaidi ya 2,300 na njia zenye urefu wa maili 5,000 hivi. Waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Ernest Marples, alikuwa ametokea kwenye biashara ya ujenzi wa barabara. Chama cha Labour kikasema kikishinda uchaguzi kitasimamisha ufungaji. Kikashinda Oktoba 1964. Treni ya abiria ya Ashington ikafungwa tarehe 2 Novemba mwaka huohuo, wiki tatu hazijaisha.

Hesabu ya Beeching ilikuwa inaangalia kila njia peke yake: tiketi ngapi zimeuzwa stesheni hii, mishahara kiasi gani, faida iko wapi. Haikumhesabu mtu anayepanda kijitreni cha kijijini ili akaunganishe treni kubwa mjini. Ukimkatia kile kidogo, hata kile kikubwa hakioni tena. Wala haikuhesabu kitakachotokea migodi ikifungwa. Mgodi wa Ashington ulifungwa 1988. Mji ukabaki bila kazi, na kazi zilizokuwepo zilikuwa Newcastle, na kwenda Newcastle bila gari ni taabu. Vijana wakaondoka. Ukitembea barabara kuu ya Ashington leo, maduka yaliyofungwa utayaona mwenyewe.

Kilichouokoa mji huu ni kwamba reli haikung'olewa. Mizigo iliendelea kupita, kwanza makaa, kisha malighafi ya kiwanda cha aluminiamu cha Lynemouth, na njia ikabaki na mataruma yake, madaraja yake na ardhi yake. Wananchi waliunda chama cha watumiaji wa reli wakawa wanapiga kelele mwaka hadi mwaka, serikali zinakuja na kuondoka. Tarehe 15 Desemba 2024 treni ya abiria ikarudi.

Siku ile nilipanda. Nilikuwa na mapumziko, nikasema hili halinipiti. Jukwaani tulibanana kama tunangoja mgeni wa kitaifa. Pembeni yangu alisimama bibi mmoja, koti jekundu, mkononi kashika mfuko wa plastiki na ndani yake tiketi ndogo ya karatasi ngumu, imepauka. Aliniambia ni ya safari aliyopanda na baba yake akiwa mtoto, kabla treni hazijafungwa. Treni ilipoondoka na kuingia kwenye daraja refu la mto Wansbeck, maji yakaonekana chini pande zote mbili, yule bibi akanishika mkono. Hatujuani. Alinishika mpaka tukavuka. Akasema, "Nilijua nitakufa sijalivuka tena hili daraja."

Mimi akili yangu ilikuwa imeshafika Dar es Salaam.

Ndugu zangu, sisi tuliwatangulia hawa. Oktoba 2012 TRL, kampuni ya reli ya Tanzania ya wakati huo, na TAZARA walianza kupakia abiria wa mjini Dar kwenye reli zilezile za zamani: TRL kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, TAZARA kuelekea Mwakanga. Mabehewa yalikuwa makuukuu, yakafufuliwa na mafundi wetu karakana, na watu wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la Dk. Harrison Mwakyembe, waziri wa uchukuzi aliyeisimamia. Mwezi uliofuata Kenya nao wakafungua stesheni ya Syokimau nje ya Nairobi. Wakati huo Ashington bado wanaandika barua kwa wabunge wao.

Nakumbuka vizuri. Nilikuwa nakaa kwa dada yangu Tabata, kazi yangu ipo Kamata. Daladala za asubuhi mnazijua: unaingia kwa dirishani au huingii. Siku ya kwanza nilienda relini kwa kutoamini amini. Nikakuta foleni, foleni ya watu wenye tiketi, wamepangana. Nauli shilingi 400, mwanafunzi 100. Ndani mabenchi yamepakwa rangi mpya, harufu bado kali, madirisha wazi, upepo unaingia. Nilichokitazama mimi ni wanafunzi. Kwenye daladala mwanafunzi ni mzigo, konda anamziba mlango kwa mkono kwa sababu nauli yake ni ndogo. Mle ndani walikaa, mabegi magotini, mmoja anasoma daftari. Hakuna aliyemfukuza mtu.

Mwaka 2016 ikaanza safari ya Pugu pia. Niliipanda miezi michache tu kabla ya kuondoka, kutoka Gongo la Mboto kwetu mpaka mjini, na treni ilipita pale Vingunguti huku barabara ya Nyerere imesimama, magari yamelala. Watu ndani ya behewa walishangilia. Kushangilia kupita foleni! Anayekaa Dar ataelewa.

Sasa swali langu ni moja, na ndilo lililonifanya niandike. Kama tuliweza kuanza mapema hivyo, kwa gharama ndogo hivyo, kwa nini reli ya mjini kwetu bado inachukuliwa kama msaada wa muda, kitu cha kupunguza foleni mpaka barabara itakapopanuliwa?

Tofauti kubwa ninayoiona ni ratiba. Ile ya kwetu tangu mwanzo ilipangwa kwa asubuhi na jioni, wakati wa watu wa ofisini. Ya Ashington inapita kila nusu saa kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi, mchana na alasiri, na usiku na Jumapili kila saa moja. Mwanzoni niliona ni ubadhirifu. Saa tano asubuhi behewa lina watu kumi na wawili, kuna haja gani? Baadaye nikawaelewa wale kumi na wawili. Kuna mzee anakwenda kliniki ya moyo. Kuna binti wa chuo. Kuna mama anayefanya usafi wa ofisi, zamu yake inaisha saa nne. Kuna mimi, nikitoka zamu ya usiku. Mtu akijua kwamba treni ipo hata akichelewa, hata mtoto akiugua ghafla, anaacha gari nyumbani au haendi kununua gari kabisa. Ukimpa treni ya asubuhi na jioni peke yake, umempa nusu ya safari, na atatafuta usafiri mwingine wa siku nzima. Kisha mtu wa hesabu atasema, mnaona, treni haina abiria.

Na huku walikuja. Ndani ya miezi michache ya mwanzo abiria walifika 250,000, na hapo stesheni kadhaa zilikuwa hata hazijamalizika. Ndiyo, mradi wao ulichelewa na gharama ikapanda. Makisio ya awali yalikuwa pauni milioni 166, yakafika karibu milioni 300. Siwapambi. Siku ya kufungua, kati ya stesheni sita mpya zilizoahidiwa ni mbili tu zilikuwa tayari, Ashington na Seaton Delaval. Newsham ikafuata Machi 2025, Blyth Bebside Oktoba. Lakini hawakungoja kila kitu kikamilike ndipo waanze. Hapo ndipo walifanana na sisi wa 2012, na hapo ndipo ninapowasifu.

Kuna jambo la pili, na naliona zito kuliko la ratiba: ardhi.

Kusini mwa Scotland kulikuwa na reli ya kutoka Edinburgh mpaka Carlisle kupitia miji ya mpakani. Ilifungwa Januari 1969, na baada ya hapo reli zikang'olewa, ardhi ikauzwa vipande vipande, watu wakajenga. Walipotaka kuirudisha ikabidi waanze kujenga upya, pamoja na kuchimba njia chini ya barabara kubwa iliyokuwa imepita juu ya tuta la zamani. Ilirudi Septemba 2015, ikaishia Tweedbank, maili 30 hivi. Mji wa Hawick, uliokuwa na treni kabla ya 1969, mpaka leo hauna. Mtu wa Hawick na mtu wa Ashington waliporwa kitu kilekile, ndani ya miaka michache ileile. Mmoja amerudishiwa. Kilichowatofautisha ni kwamba kwa mmoja treni ya mizigo iliendelea kupita na reli ikabaki chini.

Ndiyo maana nikisikia mtu nyumbani anasema reli ya zamani sasa ya nini, tuna SGR, ile reli mpya ya kisasa, tumbo linanikata. SGR naipenda. Nilipokuja likizo niliipanda kwenda Morogoro, shilingi 13,000, na nikiri kwamba nilijikuta natabasamu peke yangu kama mtoto. Kilichoanza Juni 2024 kati ya Dar na Morogoro, kisha Dodoma mwezi uliofuata, ni kitu cha kujivunia, na ni cha umeme, wakati hii ya Ashington bado inakwenda kwa dizeli. Lakini SGR imejengwa ili mtu atoke Dar afike mbali. Mama wa Vingunguti anayekwenda Kariakoo haendi mbali. Anahitaji treni inayosimama kila baada ya kilomita mbili, nauli ya kumudu, asubuhi, mchana na usiku. Ile reli ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar mwaka 1905, inapita hasa wanakoishi hao mama. Hakuna atakayeweza tena kupata njia nyingine ya wazi katikati ya jiji la watu zaidi ya milioni tano bila kubomoa nyumba za watu.

Na kubomoa tumekuona. Alama ya X nyekundu ukutani tunaifahamu wote. Watu walijenga ndani ya hifadhi ya reli, wengine kwa kudanganywa, wengine kwa kuona reli imelala miaka na nyasi zimeota, wakaamini imekufa. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Chumba kimoja na baraza la kuuzia mkaa, vyote viliondoka asubuhi moja. Reli inayotumika kila nusu saa hakuna anayejenga juu yake. Inayopitisha treni mara moja moja inaalika watu, halafu inawageuka. Kuipa reli kazi ya kutosha ni kuwahurumia pia maskini wanaotafuta pa kujishikiza.

Tunao pia mfano wetu wenyewe wa kufa na kufufuka. Reli ya kaskazini, ya Tanga, Korogwe na Moshi, ilikosa abiria tangu miaka ya 1990. Wazee wa Moshi walikuwa wakiihadithia treni kama watu wanaohadithia marehemu. Desemba 2019 ikarudi mpaka Moshi, na 2020 ikafika Arusha. Ilirudi kwa sababu tuta lilikuwepo, madaraja yalikuwepo, kazi ikawa kufyeka, kushindilia kokoto na kubadilisha kilichooza. Wakenya nao mwaka 2020 wakairudisha ya Nanyuki kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo sihitaji kumthibitishia mtu kwa mifano ya Ulaya. Nimetaja Ashington kwa sababu ndipo ninapoishi na ndipo nilipoona kwa macho inavyokuwa treni ikirudi na kubaki: duka la kahawa limefunguliwa karibu na stesheni, jirani yangu mwenye miaka sabini na sita sasa anakwenda kumwona dada yake mjini kila Alhamisi, na yule mwenzangu wa zamu ya usiku hajanilia tena mlangoni.

Najua nitaambiwa ni rahisi kusema ukiwa Ulaya. Nakubali, huku serikali inatia fedha nyingi kwenye treni, na bado kuna siku inafutwa na watu wanalalamika. Lakini sijaomba tujengewe ya Ulaya. Nimeomba tuthamini tuliyonayo. Msiing'oe reli ya Pugu. Msiigawe hifadhi yake kwa fremu za maduka wala maegesho. Mpango wa treni za umeme za mjini unaozungumzwa ukija, uje, na uikute njia ipo wazi na watu wameshazoea kupanda.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yupo kidato cha pili. Nyumbani ni Gongo la Mboto, shule ipo mjini. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake unasikia honi na konda anaita "Buguruni, Buguruni, mia tano hapa". Anasema, "Mamdogo, tangu saa nane na robo nimesimama. Zimepita tano, zote wanasema wanafunzi wawili tu." Alifika nyumbani saa kumi na mbili kasoro. Hajala, ana hesabu za kufanya, na umeme ulikuwa umekatika.

Kwa hiyo ombi langu si kubwa. Treni moja ya mchana, saa nane na nusu, kutoka Stesheni kwenda Pugu, Jumatatu hadi Ijumaa, na isimame kila kituo. Iwepo mwaka mzima bila kukosa, hata ikiwa miezi ya kwanza viti vitabaki wazi. Wanafunzi wapewe behewa lao kwa nauli yao. Mimi nitakuwa nyumbani Desemba, na siku ya kwanza nitakwenda kumsubiri mpwa wangu jukwaani Gongo la Mboto.